Mstari wa Ndani

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Ubao umeshushwa! Miaka yote niliyofanya kazi karakana hii umekaa juu kwenye kenchi, umefunikwa gunia, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Mkangazi mtupu. Mpana kama mlango, mwekundu, hauna fundo hata moja. Marehemu Mzee, mwenye karakana, aliununua angali kijana, akasema huu ni wa mimbari ya kanisa letu, siku kanisa litakapopata paa la maana. Paa limepatikana. Mzee hayupo.

Mama, mjane wake, ndiye anayeendesha karakana sasa. Alisimama chini akielekeza, huku mkono mmoja umeziba mdomo. Ubao ulipotua kwenye benchi aliupuliza vumbi, nikapitisha randa mara moja tu, kujaribu. Harufu ikajaa chumba kizima. Ghafla nikawa tena yule kijana wa kaptula aliyesimama mlangoni akiogopa kuingia. Enzi hizo mafundi tulikuwa wengi, misumeno ikiimba kila kona, redio ya Mzee ikikoroma dirishani. Leo redio imekufa na tumebaki wawili. Mimi na Gundi.

Gundi tulianza naye wiki moja. Jina alilipata siku ya kwanza, alipokalia kiti alichotoka kukipaka gundi, ikabidi aende nyumbani na suruali ibaki. Mimi Mzee aliniita Jicho. Alisema nina jicho la ajabu, naweza kukosea urefu wa ubao wowote bila hata kuupima. Nimelichukua kama sifa. Jina ni jina.

Habari kubwa: Mama amesema mimbari ikitoka vizuri, mmoja wetu atakuwa msimamizi. Atafanyia kazi kwenye benchi la dirishani, benchi la Mzee! Hakusema nani. Alinitazama mimi. Au saa iliyo nyuma yangu. Kesho Gundi anachora, mimi nakata.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Siku mbaya.

Gundi alichora asubuhi. Huwa anachora kama anayeandika jina la mchumba, polepole, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Kwenye ncha ya ubao akachora mistari miwili. Wa nje ni wa kukata. Wa ndani unaonyesha pale ulimi unapoanzia, yaani ile sehemu ya mwisho inayochongwa nyembamba ili iingie kwenye tundu la nguzo. Bila ulimi, ubao haushiki kitu. Akaniambia nimsubiri anywe chai, akirudi atanishikia ncha. Nikasema sawa, ndugu yangu.

Kisha nikamwona Mama akivuka ua. Nikawaza, akinikuta nakata ubao huu peke yangu, mkono thabiti, bila msaada wa mtu? Msimamizi huyo! Nikaweka msumeno kwenye mstari. Mkato mzuri ajabu. Sijawahi kukata vile maishani mwangu. Kipande kikaanguka, nikakiokota, nikakigeuza. Kilikuwa na mstari mwingine juu yake.

Mstari wa nje.

Na Mama hata hakuingia. Alikuwa anakwenda kuanua nguo.

Sikupiga kelele. Nilichukua kipande nikakizika kwenye gunia la maranda, chini kabisa. Gundi akarudi, akaweka nguzo na ubao pamoja, akapima. Akapima tena. Mama akaitwa. Akauliza kimetokea nini. Nikasema:

“Mama, mimi nilifuata mstari.”

Na ni kweli! Mstari ulikuwepo, nikaufuata. Nataka hilo likae humu kwa wino.

Gundi alisema anakumbuka kuchora miwili. Akainama mpaka pua ikagusa ubao. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa, akainama tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, “Basi Mama, unisamehe. Labda nilidhani tu kwamba nimechora. Macho yangu siku hizi...”

Hakuna aliyemlazimisha. Nasema tu.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Ibada ya asubuhi. Ni desturi aliyoianzisha Mzee: kila Jumatano, kabla ya nyundo ya kwanza, tunakaa juu ya mbao na kuomba. Sala zake zilikuwa fupi kwa sababu kulikuwa daima na kitu kinakauka. Akisema amina, alikuwa tayari ameshika brashi. Siku hizi anakuja Mchungaji.

Gundi hakuwepo. Mama amemwambia akae nyumbani kwanza, apumzishe macho, na afikirie kama wakati wa kuweka kalamu chini haujafika. Alimwambia kwa upole. Nadhani ungekuwa ukali ingekuwa nafuu.

Mchungaji alikuja kuzungumza habari za mimbari. Akamwona Mama alivyonywea, akabadili somo. Alisema mtu anaweza kuimba vizuri kanisani na kulia vizuri kwenye maombi, lakini imani yake utaijua siku atakapoharibu kazi ya mtu. Hapo ndipo aseme. Aseme mapema, kabla uongo haujaota mizizi. Aliite kosa kwa jina lake. Asiishie kumwambia Mungu peke yake wakati aliyeumia yuko hatua chache kutoka hapo. Asiongeze “lakini”, kwa sababu lakini ni mlango wa nyuma. Na kama kuna hasara, awe wa kwanza kushika ufagio. Kisha akasema jambo ambalo sikulipenda: kwamba ukitumia neno la kweli ili mwenzako aonekane mkosaji, huo ni uongo uliovaa shati safi.

Nilikuwa nimevaa shati safi. Bahati mbaya tu.

Lakini Mchungaji muda wote alikuwa anatazama kopo la vanishi. Kwa hiyo hakuwa anasema na mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimepewa benchi la dirishani! Kwa muda, amesema Mama. Nimehamishia patasi zangu. Mwanga mzuri. Naona ua wote, kamba ya nguo, bomba, paka wa jirani akijilamba juu ya rundo la mbao. Mzee alikuwa akiona haya haya kila siku. Kuna shimo dogo kwenye benchi alipokuwa akiegemeza kiwiko. Kiwiko changu hakiingii.

Kimya kinanisumbua. Gundi akipiga randa huwa anaguna wimbo, sauti nzito, daima beti ile ile kwa sababu nyingine hazijui. Miaka yote nimekuwa nikimwambia anyamaze.

Mchana nilijaribu msumeno mkubwa, ule wa watu wawili. Nilifunga upande wa pili kwa kamba kwenye jiriwa la kubania mbao. Usiulize. Mzee alitufundisha msumeno ule mimi na Gundi siku moja, tukigombana kama majogoo, kila mmoja akisukuma. Akatupigia kelele: “Msisukume! Vuta, kisha mwachie mwenzako avute!” Tulipoupata mwendo wake, tulikata gogo zima bila kuzungumza, tukaangua kicheko. Tukagawana kipande cha mkate tumekaa juu ya lile gogo. Sijawahi kula mkate mtamu vile.

Jioni nimeomba. Nimesema, Bwana, pale karakana kosa lilifanyika. Nikangoja. Nikaongeza kwamba lilifanyika kwenye ubao. Yeye anajua yote, sioni haja ya kuingia kwenye majina ya watu.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nimebuni mpango! Sitasema kitu, ila nitamwondolea Gundi mzigo. Nimekwenda kwake na mkate, sukari, na miwani niliyonunua kwa mchuuzi wa barabarani. Akivaa hii, nikawaza, ataona vizuri, atarudi kazini, kila mtu atasahau, na mimi sitakuwa nimemkosea mtu.

Shemeji, mke wake, alinipokea kwa furaha iliyoniuma. Akaninong’oneza kwamba mume wake halali vizuri. Kutwa amekaa kizingitini anachora mistari kwenye maboksi, anaipima, anachora tena. Nikaiona. Boksi baada ya boksi. Yote imenyooka kama uzi wa timazi.

Gundi alivaa miwani yangu akajigonga kwenye mlango. Alinishukuru hata hivyo. Tukanywa chai. Akakumbuka siku tuliyopeleka kabati la harusi kwa miguu kwa sababu mkokoteni ulivunjika, na mvua ikatukuta, tukaingia ndani ya kabati wote wawili mpaka ikapita. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Tulikaa gizani tukisikiliza mvua inavyopiga mbao, na Gundi akaguna ile beti yake. Nikamwambia anyamaze. Hata humo!

Nikafungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Nikasema, “Ndugu yangu, kuhusu ule mstari...”

Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema nisijisumbue, mimi nilifuata tu alichochora. Halafu akaingia ndani, akatoka na kalamu yake ya seremala, ile fupi anayoibandika sikioni, na kunipa. “Uwe nayo wewe. Mimi nimemaliza.”

Nikaipokea. Nikasema asante. Nimekuja nayo nyumbani. Iko hapa mezani. Nimeifunika kwa kofia.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Kanisani. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno la kutubu. Nikasimama! Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema kwa sauti kuu kwamba mimi ni mwenye dhambi, kama ninyi nyote mlivyo. Wakasema amina. Nikakaa. Nilijisikia mwepesi mpaka shemeji, aliyekaa mbele yangu peke yake, alipogeuka na kunipa mkono wa pongezi.

Baada ya ibada nikamfuata Mchungaji. Nikamweleza habari za rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, aliyekata kitambaa kwenye mstari usiofaa na kumwacha mwenzake abebe lawama. Nikauliza huyo rafiki afanye nini. Mchungaji akauliza huyo mwenzake ana hali gani. Nikasema anachora kwenye maboksi. Fundi cherehani? Ndiyo, fundi cherehani.

Mchungaji hakucheka. Alisema nimwambie rafiki yangu kwamba Mungu ameshasamehe watu wabaya kuliko yeye, hilo asiliogope. Ila kuna mtu amekaa kizingitini anaamini kwamba ni kipofu na si kipofu. Huyo hawezi kusubiri mpaka rafiki yangu ajisikie vizuri.

Sikumwambia kama anakaa kizingitini. Nilimwambia? Sikumbuki. Shemeji labda ndiye aliyesema.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Imekwisha.

Nilikwenda kazini na mpango mpya: kuunga kipande kwa gundi, nipige msasa, nipake rangi, kisha niseme Mama, tazama, ubao unatosha, tulipima vibaya tu. Nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya gunia la maranda mpaka begani Mama alipoingia. Nyuma yake Gundi, amevaa shati la kanisani. Amekuja kuaga.

Mama alikuwa ametoa sanduku la zana la Mzee. Akasema kwa kuwa Gundi ameamua kupumzika, basi zana na usimamizi ni vyangu. Alisema angetaka Gundi anikabidhi kwa mkono wake, ndivyo Mzee angependa. Gundi akakubali. Akapita kwanza akiaga vitu. Aligusa jiriwa. Aligusa randa kubwa. Akapapasa ukuta pale ambapo Mzee alitupima urefu siku ya kwanza, akisema anataka kujua kama kazi itatukuza au itatufupisha. Kisha akainama kuinua sanduku aniletee.

Mimi bado mkono umo ndani ya gunia. Vidole vimeshika kipande.

Nikasema, “Mstari ulikosewa.”

Wakanitazama. Gundi akasema ndiyo, anajua, ndiyo maana anaondoka.

“Hapana,” nikasema. “Ulichora miwili. Nilikata wa ndani. Mimi. Nilikata kabla hujarudi, nikaficha kipande, nikakuacha uombe msamaha.” Nikakitoa. Maranda yakamwagika kila mahali. Mstari wake ulikuwa pale pale juu yake, mweusi, umenyooka. Nilitaka kuongeza lakini. Ilikuwa imefika kwenye meno. Nikaimeza.

Gundi hakufurahi. Nilidhani atafurahi! Alikichukua kipande, akakishika mbali, akakisogeza karibu, akakishika mbali tena.

“Kwa hiyo macho yangu ni mazima?”

“Mazima.”

“Ulikuja kwangu,” akasema. “Tukanywa chai. Ukachukua kalamu yangu.”

Akakiweka kipande benchini, akatoka nje, akaenda kukaa juu ya rundo la mbao pamoja na paka. Nilimwona kupitia dirisha la Mzee. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua kama analia au anacheka, na sikuwa na uso wa kwenda kuuliza.

Mama akasema Mzee aliutunza ubao ule tangu ujana wake, na mimi nimeuharibu kwa muda wa mtu kunywa chai. Hilo, akasema, angelisamehe kabla maji hayajachemka. Linalomshinda ni zile siku Gundi alizokaa nyumbani. Hizo nitamrudishiaje? Akachukua kipande akakinusa, akafumba macho. Nikajua hayuko nami chumbani.

Halafu akanionyesha ufagio.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Nafagia. Nachemsha chai. Nanoa patasi za watu. Gundi ni msimamizi. Benchi la dirishani ni lake na kiwiko chake kinaingia kwenye lile shimo kama kilichongewa.

Nilimrudishia kalamu. Aliipokea, akaibandika sikioni.

Ubao amepata namna ya kuuokoa. Atapasua kile kipande achonge ndimi zinazojitegemea, azipachike kwenye ubao kwa matundu ya ndani. Hakuna atakayeona. Alinieleza kwa ufupi, kama anayemweleza mteja. Inauma. Kisha mchana akahitaji kupasua gogo la kitako cha mimbari. Akautazama msumeno mkubwa. Akanitazama mimi. Akasema, “Njoo.”

Tukavuta. Mwanzoni nilisukuma, nikakemewa kwa jicho. Halafu mwendo ukaja. Vumbi jekundu likatua kwenye viatu vyetu, jua likaingia kwa upande, na kwa dakika chache nilisikia redio ya Mzee. Naapa niliisikia. Ilikuwa Gundi ameanza kuguna.

Sikumwambia anyamaze.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mimbari imewekwa wakfu! Inang’aa. Mchungaji alisimama nyuma yake akaipapasa kabla ya kusema neno. Mama alikaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni yake akakiwekea mkoba ili asikae mtu. Wakati wa wimbo Gundi aliimba beti zote. Kumbe anazijua! Miaka yote!

Nje, shemeji alinisalimu. Hakunipa mkono. Alisema tu habari za kazi. Nimesema nzuri. Itachukua muda, naona. Nimestahili.

Gundi alinisubiri kwenye lango. Tukatembea pamoja mpaka njia panda. Pale akaniambia asubuhi niwahi, kuna kabati la nguo la mwalimu wa kwaya linahitaji milango, na anataka mtu wa kushika ncha.

Nimebadilika. Naliandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: NIMEBADILIKA.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Kabati la mwalimu wa kwaya limekamilika. Zuri sana. Mlango wa kati una kioo kirefu, kinaonyesha mtu mzima toka kofia hadi kiatu. Leo asubuhi nilikuwa peke yangu nikijitazama humo na aproni mpya. Nikageuka kuona mgongo unakaaje. Nyundo iliyokuwa kwenye mfuko wa nyuma ikagonga kioo.

Ufa mmoja. Kutoka kona hadi katikati. Mwembamba, lakini upo.

Sikupoteza hata dakika. Hakuna kuficha tena! Nikaweka nyundo chini, nikafuta jasho, nikaenda moja kwa moja kwa Mama kumwambia. Nilimkuta uani na mwalimu wa kwaya mwenyewe, aliyekuja kuona kazi yake. Nikasogea, nikafungua mdomo.

Mama akanishika bega. Akamwambia mwalimu asiwe na wasiwasi wowote na kabati lake. Akasema, “Huyu ndiye fundi wangu ninayemwamini kuliko wote. Huyu akiharibu kitu, atakuja kukuambia mwenyewe.” Gundi, kutoka dirishani, akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu akanitazama kwa heshima. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo. Hata Mzee.

Nilisimama pale nikifikiri. Jina zuri namna hii, limepatikana kwa taabu namna ile. Kulivunja kwa sababu ya ufa mwembamba?

Nikamwambia mwalimu kabati liko tayari ila vanishi bado mbichi, arudi kesho. Nimerudi ndani, nimefungua mlango wa kati na kuuegemeza ukutani, kioo kikitazama ukuta. Paka wa jirani alikuwa amelala juu ya maranda. Nimembeba taratibu, nimemweka juu ya kabati, atakayeingia amwone hapo.